Mkono Chini ya Shali

Sultani alipotaka kushuka kisimani, sote tulimkatalia kwa pamoja, na mimi ndiye niliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Sultani hashuki kisimani, Aabo," nilimwambia. "Ana watu wa kumshukia."

Huyo Aabo ni baba yangu, Mzee Kulow. Alikuwa ameketi kwenye godoro lake, mito mgongoni, mkono wa kulia umelala pajani kama ulivyolala tangu kiharusi kimpige. Alinitazama tu, kwa lile jicho la mtu anayemkagua ng'ombe aliyesifiwa kupita kiasi na mwenye kumuuza.

Inafaa nieleze huyo Sultani ni nani, msije mkadhani nyumbani kwetu Garissa kuna kasri. Mdogo wangu Mustafe alisoma Nairobi, na badala ya kurudi na kazi alirudi na mchezo. Si mchezo wa kompyuta. Unachezwa kwa midomo, watu wameketi mkekani na chai yao. Mmoja ni msimulizi, naye anaieleza dunia yote: jua lake, njia zake, majambazi wake. Wengine kila mtu ana mhusika wake mmoja. Msimulizi anakuuliza, "Unafanya nini?" nawe unasema mtu wako anafanya nini. Jambo likiwa gumu, bahati inaamua. Kwingine watu hutumia dadu, lakini Maalim wa mtaani kwetu hakutaka hata kulisikia neno hilo, nasi hatukutaka kukosana na Maalim. Basi Mustafe alichukua kokwa ishirini za tende, akaziandika namba kwa wino na kuzitia katika mfuko wa kitambaa. Ukitoa namba kubwa umefaulu, ukitoa ndogo umekwisha. Maalim alikuja kuzikagua, akauliza kama kuna kamari, akaambiwa hakuna. Alikula tende zilizobaki, akaenda zake.

Tulicheza Ijumaa baada ya alasiri, tukivunja baraza magharibi ikikaribia. Alikuwapo Guleid, jirani yetu muuza saruji, mtu mnene asiyependa kuinuka akishakaa; mhusika wake alikuwa mwizi wa ngamia mwembamba, mwenye mbio za swala. Alikuwapo Ayan, mwenzangu shuleni, anayefundisha hesabu. Yeye aliongoza msafara. Mimi, Weris, nilikuwa tabibu aitwaye Hadiya. Nilimpanga Hadiya awe mpole, msikivu, mtu wa maneno machache. Tukaanza kucheza, na baada ya muda si mrefu Hadiya alikuwa anawapangia watu wote mahali pa kulala. Sikumtuma. Kila nikifungua mdomo, ndivyo alivyotoka. Ayan alicheka mpaka akamwaga chai, akasema mhusika humpangi, unakutana naye njiani.

Mustafe alikuwa na sheria moja tu, na kwa sheria hiyo alikuwa mkali: hakuna anayesema mhusika wa mwenzake anafanya nini. Msimulizi ana dunia, wewe una mtu wako, basi. Guleid alipojaribu siku moja kusema kwamba Hadiya amenyamaza, Mustafe alimfukuza akapike chai nyingine.

Lakini kwa Aabo sheria hiyo tuliivunja kila siku, tena bila kujua.

Kiharusi kilimkamata sokoni, pale pa mifugo, katikati ya ubishi juu ya fahali mmoja. Kilimchukua mkono wa kulia na maneno. Maneno yalipoanza kurudi, yalipita mlango wa nyuma: Kiswahili chake cha soko kilitangulia, Kisomali cha mama yake kikabaki kinajivuta. Daktari alisema hutokea. Mimi mwalimu wa Kiswahili, niliyemcheka miaka yote anavyosema "habana" na "fizuri" na kuita kila kitu "hii", nilijikuta naisubiri ile "habana" yake kwa hamu. Ndiyo maana tulicheza kwa Kiswahili. Mama alikuwa amekwisha kututoka, Mungu amrehemu, na Aabo alikuwa akikaa na mimi na Mustafe.

Maneno yalirudi, ila kwa mwendo wao. Neno moja liliweza kumchukua muda wa chai kupoa. Na kwetu mkubwa haachwi ahangaike. Mzee akitafuta fimbo yake, unampa kabla hajainama. Akitafuta neno, tulimfanyia vilevile. Tulimpa maneno, na mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Aabo anataka chai. Aabo amechoka. Aabo hapendi wali huo. Alikuwa akiufunga mdomo wake taratibu, nami naona nimemsaidia.

Kwa hiyo Mustafe alipotaka kumwingiza mchezoni, hatukumuuliza anataka kuwa nani. Tulimpa heshima yake. Tukamfanya Sultani wa Nchi ya Visima Saba, mwenye kasri, farasi na watu wa kumpepea. Msafara ukiondoka, Sultani anaubariki. Ukirudi, Sultani anaupokea. "Aabo, Sultani amefurahi, sivyo?" Sivyo au ndivyo, tulikuwa tumekwisha kuendelea. Na kwa kuwa mkono uliombakia ni wa kushoto, na kwetu mkono wa kushoto hautolewi mbele za watu, Mustafe alimtolea kokwa. Alizama mfukoni, akachungulia kiganjani, akatangaza: kumi na tisa. Kumi na nane. Mashaallah, ishirini. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na bahati kama Sultani wetu, na hakuna aliyesinzia mchezoni kama baba yangu.

Mpaka siku ya kisima. Msafara ulikuwa umefika penye maji, kamba imekatika, mtu wa kushuka chini ana homa. Mustafe akauliza, "Mnafanya nini?" Guleid akaanza kutafuta visingizio vya mwizi wake. Kutoka kwenye godoro ikasikika sauti.

"Mimi."

Tukageuka.

"Mimi... nashuka."

Hapo ndipo tulipomkatalia. Guleid alisema walinzi wa Sultani hawatakubali. Ayan alisema atashuka yeye. Mustafe, msimulizi mwenyewe, mwenye sheria zake, alisema kwa upole kwamba Sultani anainuka, lakini mawaziri wanamshika kanzu na kumrudisha kitini.

"Habana," alisema Aabo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Hii Sultani... ya nani?"

Ayan akaweka kikombe chini.

"Yangu," alisema. "Nashuka."

Mustafe alinitazama, nami nikainua mabega. Akazamisha mkono mfukoni, akatoa kokwa, akachungulia. "Kumi na saba," alisema. "Sultani anashuka salama mpaka—"

Sikuona mkono wa Aabo ulivyoondoka. Niliona tu umekwisha kumkamata Mustafe kifundo, ule wa kushoto, mbele yetu sote. Mtu aliyeishi sokoni umri wote anaijua mikono inayodanganya. Akakifungua kiganja cha mwanawe kidole kwa kidole.

Kokwa ilikuwa na namba tatu.

"Tatu," alisema Aabo.

Mustafe alikuwa ameshikwa na haya mpaka masikioni. "Aabo, ni mchezo tu. Sikutaka..."

"Wacha mimi," alisema Aabo, akapumzika, akaanza tena. "Wacha mimi naanguka."

Basi Mustafe akamwangusha. Mwanzo kwa woga, huku akitafuta mahali laini pa kumtua, kisha kwa nguvu zake zote za usimulizi. Mguu wa Sultani ukateleza kwenye jiwe. Kilemba kikashika mzizi, kikabaki juu kinaning'inia. Sultani mwenyewe akaenda chini, makalio mbele, akapiga tope, akakaa humo hadi kifuani, mbuzi wakichungulia kutoka juu.

Aabo alicheka. Kicheko chake kilitoka upande mmoja wa mdomo, kikamletea kikohozi, na kikohozi kilipokwisha alicheka tena. Nilikuwa sijakisikia tangu kiharusi. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta sukari, nikalia huko.

Tangu siku hiyo alitoa kokwa mwenyewe. Ule mkono wa kushoto alikuwa bado anauonea haya, kwa hiyo aliuchukulia shali lake la zamani la sokoni, la kahawia, akalifunika juu ya mfuko na mkono, akatoa kokwa yake humo ndani. Na hilo shali likaleta jambo ambalo Mustafe hakulisoma Nairobi. Sokoni kwetu bei ya mnyama haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shali, vidole vinaongea. Na mikono ikiwa chini ya shali, mtu wa tatu hana neno, hata awe mtoto wa mwenye ng'ombe. Anangoja itoke. Kila mtu mjini anajua hivyo, hata Guleid, ambaye hajawahi kuuza hata kuku. Siku moja Aabo alikuwa akitafuta neno, mimi nikawa nimekwisha kulishika ulimini ili nimpe. Akavuta shali juu ya mkono wake mtupu, hapana mfuko wala kokwa, akanitazama. Nilijikuta nimenyamaza kabla sijajiuliza kwa nini.

Chai ilipoa. Kisha neno lake likaja, na halikuwa lile nililokuwa nimemwandalia.

Tulizoea. Shali likifunikwa, tunangoja. Na katika kungoja huko, Sultani akawa mtu mwingine kabisa. Hakurudi kitini. Alitembea nyuma ya msafara pamoja na ng'ombe, akawapa majina. Alilala nje. Majambazi walipotokea, hakutoa amri; alikaa nao akawauliza malisho yako wapi. Aling'atwa na nge, akapotea, akanyeshewa, kokwa zake zikiwa mbaya kama za sisi wengine. Mustafe alimletea wajumbe kutoka kasrini: kiti kiko wazi, watu wanakuita. "Sultani anafanya nini?"

Shali lilikaa juu ya mkono mpaka Guleid akaanza kujikuna.

"Anabaki," alisema Aabo. "Na ng'ombe. Fizuri sana."

Tukacheka. Mimi nilicheka sana. Nilidhani ni mchezo unanoga.

Wiki hiyohiyo kaka yetu mkubwa, Aweys, alipiga simu kutoka Islii, kule Nairobi. Alikuwa amepata nyumba kubwa, jengo lenye lifti, hospitali nzuri karibu. Ijumaa atakuja na gari amchukue Aabo moja kwa moja. Nilimwambia asahau. Nilimwambia Aabo hataki Nairobi. Aabo anataka kukaa hapa, nyumbani kwake, na mimi. Tuligombana mpaka simu ikazimika chaji, nikaichomeka, tukaendelea. Mimi ni mwepesi wa maneno nikiwa na hasira, na nilikuwa na hasira nyingi. Nani alimgeuza Aabo kitandani? Nani alimsindikiza kliniki? Mwanzoni mwa muhula nilikuwa nimeitwa Eldas, mbali huko kaskazini, kuwa naibu mkuu katika shule ya wasichana, nikakataa hapohapo, bila hata kumaliza kusikiliza. Nilisema siwezi, baba yangu ananihitaji. Sasa aje mtu na lifti yake?

Kama nilimuuliza Aabo? Sikumuuliza. Niliona namjua.

Aweys alifika Ijumaa, wachezaji wameketi tayari, mfuko wa kokwa uko katikati ya mkeka. Ningependa kusema aliingia kwa kiburi, ingekuwa rahisi kwangu. Alivua viatu, akapiga magoti mbele ya godoro, akaubusu mkono wa Aabo, ule uliolala, na machozi yakamlengalenga. Guleid na Ayan walitaka kuondoka. Aabo akawafanyia ishara wakae.

Aweys alianza kwa utaratibu. Alieleza chumba, daktari wa viungo, msikiti ulio ng'ambo ya barabara. Nami nikaanza kwa utaratibu. Baada ya dakika chache hakuna aliyekuwa na utaratibu.

"Kule atapata matibabu," alisema Aweys.

"Hapa anapata matibabu na watu," nilisema.

"Abaayo, dada yangu, wewe umechoka. Jitazame."

"Nani amekwambia nimechoka? Aabo amezoea hapa. Aabo hapendi Nairobi, hajawahi kuipenda. Aabo anataka—"

Aweys alinyamaza ghafla, nami nikadhani nimemshinda. Kisha nikaona anatazama chini. Alipokuwa kijana alimfuata Aabo sokoni, akamshikia kamba za ng'ombe, na akafundishwa huko huko wakati wa kufunga mdomo.

Shali la kahawia lilikuwa limefunikwa juu ya mkono wa Aabo.

Neno lililokuwa mdomoni mwangu lilikuwa "kukaa". Nililishika kwa meno.

Tukangoja. Nje, redio aliyoiacha Guleid dukani kwake ilikuwa ikiongea peke yake. Mustafe alitazama kokwa, Ayan alitazama vidole vyake. Mdomo wa Aabo ulijaribu herufi, ukaiacha, ukajaribu tena. Kila kitu ndani yangu kilitaka kumpa neno. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo sentensi nzima, tena yenye upatanisho sahihi wa ngeli.

"Kotile," alisema Aabo.

Kotile, Ijara huko, kwa mdogo wake Hirsi, ambako ng'ombe wake wachache waliobaki wanachungwa. Mahali ambapo hatukuwa tumepataja, si Aweys wala mimi.

"Nakaa na Hirsi. Na ng'ombe."

Niliumia. Sina njia nyingine ya kulisema. Niliona kama nimepigwa na mkono nilioulisha. Nikasahau shali na kila kitu, maneno yakanitoka: dawa za presha, kliniki, choo cha shimo, barabara ikinyesha. Aabo hakuutoa mkono. Aliuacha palepale chini ya kitambaa, akaningoja mimi nimalize, na nilipoona anangoja, nikaona haya, nikakoma.

Aweys akauliza kwa sauti ndogo, "Na ukianguka huko, Aabo?"

"Naanguka," alisema Aabo.

Kisha akatafuta, na sote tukamwachia atafute.

"Mimi naanguka. Siyo wewe. Siyo Weris."

Mustafe aliinamisha uso. Sijui alikuwa anacheka au analia, na sidhani yeye mwenyewe alijua. Aweys alikaa kitako sakafuni na suruali yake nzuri ya safari. Baada ya muda alisema Masalani kuna hospitali, si mbali na Kotile, dawa zinaweza kupatikana huko. Alisema gari lina nafasi, ni njia tu inayobadilika. Ayan alisema Ami Hirsi apigiwe simu kwanza, asije akavamiwa. Nilitaka kupinga jambo, lolote, na kila nililolishika niliona ni langu, si la Aabo. Huyu mtu nilikuwa nimeketi naye kila Ijumaa, nikamwona anaacha kiti na kasri na kufuata ng'ombe, nikacheka, nikapanga kumweka kitini.

Aabo akautoa mkono. Nikadhani tumemaliza. Akanitazama, na safari hii maneno yalikuja bila kuhangaika, labda kwa sababu alikuwa ameyasikia mara nyingi kwa Mustafe.

"Na wewe, Weris," alisema. "Unafanya nini?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye sikuwahi kukosa neno, tena la mtu mwingine. Niliitafuta Eldas, nikaikuta mbali, sijui kama naitaka au naitaka kwa sababu niliikataa. Nilitafuta kitu kingine, sikujua hata nitafute wapi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kwa muda mrefu, na mimi nisingempa nafasi.

Guleid akavuta pumzi anisaidie. Aabo akamtazama, naye Guleid akaitoa pumzi yake.

Kisha baba yangu akausukuma upande wa shali kwangu, ukavuka mkeka na mfuko wa kokwa mpaka ukafika magotini pangu. Nikaingiza mkono chini yake. Wakangoja.